Biashara ya nyumbani na bima: mambo ya kujua kabla mzigo haujalala sebuleni

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaovuka mpaka hawana duka wala ghala. Mzigo ukishapita Namanga, Holili, Sirari, Mutukula au Tunduma unakwenda moja kwa moja nyumbani. Marobota ya vitenge yanapangwa nyuma ya kochi, katoni za sabuni zinasukumwa chini ya kitanda, na friji la samaki linasimama barazani karibu na mlango. Wateja wanaitwa kwa simu, wanakuja kuchagua, wanalipa na kuondoka. Kodi ya fremu inaokolewa, na watoto wanaangaliwa huku kazi ikiendelea.

Tena yako mambo yaliyowafanya watu waogope masoko. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Januari 2013. Gikomba, Nairobi, imeungua mara kadhaa, na moto wa Juni 2018 uliua watu. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua Julai 2021, na miezi sita baadaye, Januari 2022, ikawa zamu ya soko la Karume pale Ilala. Mtu aliyesikia habari hizo akaamua kuhamishia mtaji wake nyumbani hakufikiri vibaya. Anakosea pale anapodhani kwamba bima aliyokata kwa ajili ya nyumba, au ile aliyokata mwenye nyumba wake, imeupokea na mzigo.

Makala hii inaeleza mambo ya bima yanayomhusu anayefanyia biashara nyumbani, hususan yule ambaye mzigo wake unatoka au unakwenda nchi jirani. Kila hati ya bima ina maneno yake, na sheria za nchi hazifanani kwa kila kitu. Hata hivyo misingi ya Tanzania, Kenya na Uganda inakaribiana sana kwa kuwa ilichotwa kwenye sheria ya Kiingereza. Rwanda, Burundi na Kongo walichota kwingine, lakini maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kulipa ni yale yale.

Bima ya nyumba inalinda nini hasa

Bima ya makazi, ambayo Kenya mara nyingi huuzwa kama kifurushi kimoja, huwa na sehemu kadhaa: jengo lenyewe, vyombo vya ndani, vitu vya kubeba kama kompyuta ya mkononi, wafanyakazi wa ndani, na dhima ya mwenye nyumba au mpangaji kwa watu wengine. Ni bima ya mahali pa kuishi. Ukisoma maelezo ya "vyombo vya ndani" utakuta mara nyingi bidhaa za kuuza, malighafi na vifaa vya kazi vimetolewa waziwazi. Moto ukitokea kochi litalipwa, lakini marobota yaliyokuwa nyuma yake hayatalipwa.

Hilo ni jepesi kulinganisha na linalofuata. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli. Anayekata bima anatakiwa aiambie kampuni kila jambo kubwa linaloweza kubadili uamuzi wake wa kuikubali hatari hiyo, au kubadili kiasi cha ada, hata kama fomu haikuuliza moja kwa moja. Kuendesha biashara ndani ya nyumba ni jambo la namna hiyo. Watu wanaingia na kutoka, mali iliyomo ni kubwa kuliko ya jirani, umeme unatumika zaidi, na pengine kuna mitungi ya gesi au rangi za batiki. Kampuni ikigundua baada ya moto kwamba nyumba iliyoandikwa kuwa ya kuishi tu ilikuwa pia karakana ya cherehani sita, inaweza kukataa madai yote, siyo ya mzigo peke yake. Jengo, kochi, televisheni na nguo za watoto vinabaki kuwa hasara yako, ingawa ada ya vitu hivyo ulilipa kila mwaka bila kukosa.

Kwa hiyo aliyenyamaza anaweza kujikuta na hasara kubwa kuliko asiye na bima kabisa, maana yeye alishatoa fedha zake mfukoni na kulala akijua yuko salama.

Wapo pia walioanza biashara baada ya kukata bima. Mwezi Machi mtu alijaza fomu kama mwalimu anayeishi na familia yake. Mwezi Agosti akaanza kuleta mitumba kutoka ng'ambo ya mpaka. Fomu ya Machi haikuwa ya uongo siku ilipojazwa, lakini hati nyingi zina sharti la kutoa taarifa pale matumizi ya nyumba yanapobadilika. Aidha, kila bima inapohuishwa wajibu wa kusema kweli unaanza upya. Barua fupi kwa kampuni inatosha, ilimradi uwe na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, au jibu lao la barua pepe. Kumwambia wakala kwa mdomo mnapokutana msibani si taarifa.

Ikiwa umepanga

Mpangaji hana bima ya jengo. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kama anayo. Linalosahaulika ni kwamba moto ukianzia kwenye biashara yako, kampuni ya mwenye nyumba inaweza kumlipa yeye kisha ikashika nafasi yake na kukudai wewe uliyesababisha. Na kama mkataba wa upangaji unasema nyumba ni ya kuishi tu, hoja yako mbele ya hakimu itakuwa dhaifu. Omba ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ni kweli wengine wakishajua kuna biashara hupandisha kodi, na hiyo ndiyo sababu wapangaji wananyamaza. Lakini linganisha nyongeza hiyo na bei ya nyumba nzima kabla ya kuamua.

Kama nyumba imewekwa rehani benki, soma pia mkataba wa mkopo, kwani benki nyingi hutaka zijulishwe matumizi ya nyumba yanapobadilika.

Thamani ya mzigo na hesabu inayowaumiza wengi

Tuseme umeshakubaliana na kampuni, na mzigo umeingizwa kwenye bima, ama kwa kiambatisho kwenye bima ya nyumba, ama kwa bima ya biashara inayojitegemea. Kiambatisho kinafaa mzigo mdogo na vifaa vichache. Mtaji ukikua, bima ya biashara inayotaja anwani ya nyumbani kama mahali pa kazi ni bora zaidi. Swali linalobaki ni thamani ya kuandika.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mzigo wa shilingi milioni 12 nyumbani, lakini ili kupunguza ada ameandikisha milioni 6. Bomba linapasuka juu ya dari na mzigo wa milioni 4 unaharibika. Anasema moyoni, "Afadhali, hasara iko chini ya milioni 6 nilizokatia bima, nitalipwa zote." Sivyo. Hati nyingi zina kifungu cha kugawana hasara kwa uwiano. Kwa kuwa alikatia bima nusu ya thamani, kampuni inambeba kwa nusu, na nusu nyingine anahesabiwa kuwa amejikatia mwenyewe. Atapata milioni 2. Kutoka hapo kinaondolewa kile kiasi ambacho kila mkata bima hubeba mwenyewe. Kikiwa asilimia 10 ya madai, anabaki na shilingi 1,800,000 kwa hasara ya milioni 4.

Wa nyumbani huumizwa na hesabu hii kuliko wa dukani kwa sababu mzigo wake hupanda na kushuka sana. Wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi sebule haipitiki; mwezi wa pili imebaki robota moja. Ukiandika thamani ya mwezi wa pili, umejiadhibu kwa moto wa Desemba. Andika thamani ya juu kabisa ambayo nyumba yako hubeba katika mwaka, au uliza kama kampuni inakubali kupandisha kiwango kwa miezi ya msimu. Na thamani inayohesabiwa kwa kawaida ni ile uliyonunulia pamoja na gharama za kuufikisha mzigo, si bei unayotarajia kuuza. Faida ambayo hujaipata hailipwi na bima ya moto ya kawaida.

Karatasi za mpakani zinapogeuka kuwa ushahidi dhidi yako

Sehemu hii, kwa maoni yangu, ndiyo ngumu kuliko zote kwa wasomaji wa ukurasa huu, na mawakala wa bima hawapendi kuigusa.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo ambayo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi na tozo nyingine zinaweza kubaki. Vitenge vilivyotoka China au India havimo, hata kama ulivinunulia nchi jirani. Cheti kile watu wengi hukikunja na kukitupa wakishapita kizuizi. Ni makosa, kwani kwa kampuni ya bima hiyo ni mojawapo ya karatasi chache zinazoonyesha kwamba mzigo ulikuwa wako, ulitoka wapi na ulikuwa na thamani gani.

Shida ni kwamba karatasi hiyo inasema kile ulichokiambia. Mtu aliyetaja thamani ndogo ili alipe kidogo, au aliyegawa mzigo mmoja mara tatu ili kila sehemu ikae chini ya dola 2,000, ameshaandika historia ya mzigo wake. Siku ya moto anadai milioni 9. Mtathmini wa hasara anaomba karatasi za kuingizia. Kama karatasi ni za kweli, madai ni ya uongo, na dai la uongo linaweza kufuta bima yote. Kama madai ni ya kweli, karatasi ndizo zilizodanganya, na sasa amekiri hivyo kwa saini yake mwenyewe kwenye fomu ya madai. Hakuna jibu la tatu ambalo halimwachi mahali pabaya.

Mzigo uliopita njia za panya ni jambo jepesi kulieleza: mahakama hazisaidii mkataba unaolinda mali iliyoingizwa kinyume cha sheria. Unaweza kulipa ada miaka kumi, na hakuna wakala atakayekuuliza mzigo ulipita wapi wakati anapokea fedha. Swali litakuja wakati wa madai.

Kwa hiyo anayefikiria kukata bima ya mzigo inampasa aanze na karatasi. Risiti ya muuzaji, hata ile ya kuandikwa kwa mkono, iwe na tarehe, jina la mnunuzi na kiasi. Risiti za EFD kwa Tanzania na ankara za eTIMS kwa Kenya zina nguvu zaidi. Ujumbe wa malipo kwa simu usifutwe. Daftari la mzigo unaoingia na unaotoka lijazwe hata kama ni mistari miwili kwa siku. Halafu piga picha za vyote hivyo na uzitume kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine au kwenye barua pepe yako, kwa sababu daftari linalotunzwa kwenye droo ya nyumba ile ile litaungua pamoja na mzigo.

Moto, wizi, maji na friji

Bima ya msingi ya moto hulinda dhidi ya moto na radi, na hatari nyingine huongezwa moja moja: mafuriko, mabomba kupasuka, ghasia, tetemeko. Usidhani mafuriko yamo. Baada ya mvua za Machi hadi Mei 2024 zilizozamisha makazi sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, swali hili halipaswi kuonekana la ziada. Uliza pia kama mzigo unatakiwa kukaa juu ya sakafu. Baadhi ya hati zinataka bidhaa zipangwe juu ya chaga za mbao kimo fulani, na robota lililolazwa chini likilowa halilipwi.

Kwa wizi, neno la kuangalia ni kuvunja. Bima ya wizi wa nyumbani au stoo kwa kawaida hulipa pale mwizi alipoingia au kutoka kwa nguvu na akaacha alama: kufuli lililokatwa, nondo zilizopindwa, dirisha lililovunjwa. Mteja aliyejifanya anachagua akatia vitenge viwili kwenye mkoba hakuvunja kitu. Msichana wa kazi aliyeondoka alfajiri na katoni moja naye hakuvunja. Hasara za aina hii zinahitaji kinga nyingine, ile ya uaminifu wa wafanyakazi kwa mfano, au zibaki kuwa sehemu ya gharama za kazi. Nyumba ni mbaya zaidi kuliko duka kwa jambo hili, kwani mgeni wa familia na mteja wanapita mlango mmoja.

Anayesafiri kufuata mzigo aangalie kifungu cha nyumba kuachwa bila mtu. Hati nyingi za moto hutaja siku 30 mfululizo. Za wizi zinaweza kutaja chache zaidi. Mtu anayefunga nyumba Arusha na kwenda Kampala, halafu akakwama huko wiki tano akisubiri fedha, anaweza kurudi akakuta bima ilishasimama. Mwachie ndugu alale hapo, na ukiona safari itakuwa ndefu iandikie kampuni kabla ya kuondoka.

Wauza samaki, maziwa na nyama wana tatizo lao. Umeme ukikatika siku mbili, samaki wakaoza, bima ya moto haihusiki. Umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza mashine ya friji bila moto kuwaka, hiyo nayo mara nyingi haimo mpaka uongeze kinga ya mitambo ya umeme. Kinga ya bidhaa kuharibika kwenye friji ipo, lakini kampuni huweka masharti: friji lisizidi umri fulani, kuwe na kumbukumbu za matengenezo, na kukatika kwa umeme kuwe kwa muda uliotajwa. Kwa friji moja la sangara pengine ada haina faida, na afadhali ununue kifaa cha kukinga umeme na ukubaliane na jirani mwenye jenereta. Kwa mafriji matano hesabu inabadilika.

Kutoka mlangoni hadi ng'ambo

Bima inayotaja anwani ya nyumbani inaishia kwenye anwani hiyo. Mzigo ukiwa juu ya bodaboda, kwenye buti la basi au ndani ya Noah, uko nje ya bima ya nyumba. Inahitajika bima ya mizigo njiani, ambayo unaweza kukata kwa safari moja au kwa mwaka mzima, na lazima itaje njia na nchi unazopita. Hati inayosema "ndani ya Kenya" inakoma kwenye kizuizi cha Isebania hata kama Sirari unaiona kwa macho.

Gari la nyumbani nalo lina mtego wake. Bima ya gari la binafsi huandikwa kwa matumizi ya mwenye gari na familia yake. Ukilijaza marobota kila Jumatano ukayapeleka kwa wateja, umelitumia kibiashara, na hata aliyekata bima kubwa anaweza kukataliwa madai ya gari lenyewe. Mwambie wakala matumizi halisi. Ada itapanda, lakini utakuwa umenunua kitu kilichopo.

Kwa gari linalovuka mpaka iko Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika miaka ya 1980. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi hiyo inatolewa na kutambuliwa nchini. Inatambuliwa pia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na kwingineko. Watu huiona kama bima ya safari nzima, jambo ambalo si kweli. Inashughulikia madhara uliyomsababishia mtu wa tatu katika nchi uliyotembelea, pamoja na gharama za matibabu za dereva na abiria. Haitengenezi gari lako na haigusi mzigo uliomo. Tena ni nyongeza juu ya bima ya gari uliyo nayo nyumbani, haisimami peke yake.

Jambo la mwisho kwa upande huu ni mzigo unaolala kwa shemeji ng'ambo. Wengi wana nyumba mbili za biashara bila kuziita hivyo: moja yao, nyingine ya ndugu upande wa pili, ambako mzigo husubiri mteja. Bima yako ya Tanzania haiwezi tu kuongezewa mstari ikalinda nyumba iliyoko Goma au Busia ya Uganda. Sheria za nchi hizi kwa ujumla hutaka mali iliyo ndani ya nchi ikatiwe bima na kampuni iliyosajiliwa humo. Kongo kwa miaka mingi ilikuwa na kampuni moja tu, SONAS, mpaka sheria ya 2015 ilipofungua mlango, na kampuni binafsi za kwanza zikapata vibali 2019. Kwa hiyo sasa inawezekana shemeji akakata bima huko, lakini hati lazima iseme kwamba mzigo ni wako na yeye anautunza. Likiandikwa jina lake peke yake, utajikuta unathibitisha umiliki wa mali ambayo hati inasema ni ya mwingine.

Wateja na wasaidizi

Mteja akiteleza kwenye ngazi za baraza akavunjika mguu, sehemu ya dhima kwenye bima ya nyumba mara nyingi haimhusu, kwa kuwa alikuja kununua, hakuja kusalimia. Dhima ya biashara huongezwa kwa ada isiyo kubwa sana. Mpika keki, mtengeneza sabuni na mchanganya vipodozi waongeze na dhima ya bidhaa, maana madhara yanaweza kutokea nyumbani kwa mteja wiki mbili baadaye.

Msaidizi wa kazi za ndani anayeshinda kwenye ovaloki kuanzia asubuhi si msaidizi wa ndani tena. Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Tanzania Bara mwajiri hujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kupokea michango Julai 2015. Aliyeandikwa kwenye fomu kama mpishi akakatwa kidole na mashine ataleta maswali ambayo wewe na yeye hamtayapenda.

Kununua

Wakala wa bima ni mtu wa kampuni. Dalali wa bima kisheria anasimama upande wako na anaweza kukutafutia kampuni kadhaa. Kwa mzigo mdogo dalali anaweza asivutiwe, kwani kamisheni ni ndogo, na utabaki na wakala. Si vibaya, ilimradi ujue nani ni nani.

Fomu ya maombi mara nyingi iko kwa Kiingereza, na wakala mwenye haraka hujaza mwenyewe na kukuonyesha pa kuweka saini. Maneno aliyoandika ni yako tangu unapotia saini. Kama amejaza "hakuna biashara" kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kupata hati leo leo, atakayekataliwa madai ni wewe. Mwambie akusomee kila swali kwa Kiswahili, na uondoke na nakala ya fomu pamoja na hati yenyewe. Stika au risiti peke yake haielezi masharti.

Tanzania na Kenya sheria haziruhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa, kwa hiyo ahadi ya "tutakulinda, utalipa mwisho wa mwezi" isikutulize. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, si kwenye simu ya wakala. Usajili wa kampuni na wakala huulizwa kwa msimamizi wa nchi husika: TIRA kwa Tanzania, IRA kwa Kenya, na mamlaka yenye kifupi hicho hicho cha IRA kwa Uganda. Rwanda kazi hiyo iko chini ya Benki Kuu. Burundi na Kongo kila moja ina ARCA yake. Jina fupi ni moja, ofisi ni mbili. Kwa Waislamu wanaokwepa riba, Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu 2011, na masharti ya kueleza ukweli na kutunza karatasi ni yale yale.

Hasara ikitokea

Toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Hati hutaja muda, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataa. Kwa wizi au moto nenda polisi upate namba ya RB upande wa Tanzania, au ya OB upande wa Kenya, na kama Zimamoto walifika omba taarifa yao. Okoa kinachookoleka, lakini mzigo ulioharibika usiutupe wala kuuza kabla mtathmini hajaufika, hata kama unanuka na majirani wananung'unika. Piga picha ukiwa bado pale ulipokuwa.

Mwishoni kampuni hukuletea hati ya kukubali malipo, inayosema kwamba ukishapokea kiasi kile huna dai lingine. Shida za fedha baada ya moto humfanya mtu asaini chochote. Ukiona kiasi si sahihi, omba hesabu yake kwa maandishi kabla ya kutia saini: thamani waliyotumia, uwiano waliopiga na kiasi walichoondoa. Usiporidhika, Tanzania peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya na Uganda mamlaka za bima zina dawati la malalamiko. Nenda na hati, fomu ya maombi, barua zote mlizoandikiana, na zile picha za risiti alizokuwa amekutunzia ndugu yako.